Vidonge Vyangu kwa Mama

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku tunashukuru kwa kila pumzi. Kichuna wangu ameota jino la pili, anamng'ata kila amsogeleaye. Baba anasema karithi ukali wako.

Unakumbuka nilivyokonda baada ya kujifungua, mikono ikitetemeka hadi chai inamwagika? Daktari alisema ni tezi ya shingoni, inaupiga moyo viboko. Akaniandikia vidonge vya kutuliza mapigo. Vilinifaa, dada, sivisingizii. Haikupita wiki moyo ukatulia kama mtoto aliyeshiba, nikaweza kutunga uzi kwenye sindano tena.

Mama naye, kila akivuta pampu yake ya pumu, alilalamika kwamba moyo unamwenda mbio.

Jumatatu ile kifua kilipombana, alivuta pampu, akavuta tena, wapi! Tulimfikisha hospitali midomo imekuwa rangi ya majivu. Baba akasema ni lile blanketi la manyoya ulilomletea, limejaa vumbi. Ulipopiga simu akakwambia usikanyage huku, ukae na zawadi zako. Nami nilikuwa nimesimama palepale, nimempakata mtoto, kimya.

Wodini dawa ya mvuke nayo ikawa kama kumpigia mbuzi gitaa. Muuguzi aliuliza kama mama alimeza dawa nyingine yoyote. Baba akasema hakuna. Lakini baadaye kidogo dawa ilibadilishwa, na daktari akaniita mimi peke yangu kunieleza.

Alisema mwili una ujumbe wake wa kushtua. Ukifika moyoni, moyo hukimbia. Ukifika kifuani, njia za hewa hupanuka. Kuna vidonge ambavyo huwahi kuketi mlangoni, ujumbe usiingie. Kwa moyo ni nafuu, hata wenye shinikizo la damu hupewa. Ila kwa mwenye pumu, huziba na mlango wa mapafu. Hewa inabanwa, na dawa ya pampu ikifika inakuta kiti kina mwenyewe. Ndiyo maana akatafuta dawa ya kupitia mlango mwingine.

Aliniita mimi, dada, kwa sababu ni mimi niliyemkimbilia muuguzi koridoni nikamwambia ukweli. Asubuhi ile nilimpa mama vidonge vyangu viwili na maji, nikajiona mtoto mwema. Alisema moyo unamwenda mbio, na mimi ndivyo nilivyokuwa nikisema. Maneno yaleyale, nikadhani ni ugonjwa uleule. Blanketi lako halina kosa. Kosa ni langu, na nikakuacha ulibebe.

Mama bado yuko kwenye oksijeni. Daktari haahidi kitu, ila mimi sijakata tamaa. Pumzi moja inamtosha maneno mawili tu; jana aliyatumia kukuulizia.

Leo mchana nimemsomea baba barua hii mpaka hapo juu. Hakunipiga, hakunitukana. Aliniuliza tu kama nimeandika kwamba ni yeye aliyekufukuza. Nikamwambia nimeandika. Kisha akasema niongeze neno lake moja: aje.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji mpe heshima zake. Mama yuko wodi ya wanawake, kitanda cha nne. Kama bado huwezi kuniangalia usoni, ingia tu, mimi nitangoja nje na mtoto.

Mdogo wako,
Mama Kichuna