Upande Wetu wa Silanga

Mombasa,
Jumatatu, 11 Machi 1996

Kwa kaka yangu Dekow,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu wewe na shemeji Safiyo na watoto, nikimwomba Mwenyezi Mungu barua hii iwakute na afya, ingawa kwa habari zilizonifikia sitarajii iwakute na raha. Mguu wako umepona? Na Mama, bado anazificha dawa za hospitali chini ya mkeka? Mimi sijambo. Bahari bado inanitapisha, na wenzangu wanaopima maji bado wanauliza nani alimtoa mtu wa Sangailu kwenye ngamia akampandisha mashua.

Kaka, ile chupa ya maji uliyompa Ogle ilinifikia, na dereva huyo hakupunguza hata neno moja katika maneno yako. Kwamba ng'ombe wetu wanakunywa, wanatetemeka, wanaanguka pale pale ukingoni. Kwamba wa Yarrow, ng'ambo ya silanga hiyo hiyo, bwawa letu moja la kunyweshea, hata mmoja hajaugua. Kwamba Yarrow alionekana akisuuza mtungi wa dawa ya kupe majini. Na kwamba Ijumaa baada ya swala utashika msahafu mbele ya wazee, uape kuwa ametutilia sumu, kisha umtoe dada yetu Jawahir katika nyumba ya mtu huyo na watoto wabaki kwa baba yao. Ukaniagiza nije na karatasi yenye muhuri, iseme sumu imepatikana. Dekow, Jawahir bado ananyonyesha.

Sumu nimeipata. Lakini si ya Yarrow.

Ule ukoga wa kijani unaoelea upande wetu, ambao tangu utotoni tunausogeza kwa mkono tukachota maji, ni viumbe hai vyenye kutoa sumu, wadogo hata jicho haliwaoni mpaka uwaweke chini ya hadubini. Aina yao nyingine iko baharini, na hao ndio kazi yangu ya kila siku. Hawakai popote wanapopenda. Kusi ikivuma na mawimbi yakichafuka, tunazunguka kutwa nzima tusipate hata dalili yao. Lakini miezi hii ya kaskazi, maji yakipata joto na kutulia, wanaibuka juu na kutanda kama unga wa mbao. Kisha upepo mwepesi unawakusanya mahali pamoja. Unachota hapa wamejaa tele, unapiga makasia kidogo tu, unachota tena, maji meupe.

Sasa itazame silanga yetu. Maji yamepungua, yamechemka kwa jua, hayatikisiki. Upepo unatoka kwa Yarrow unakuja kwetu. Tangu wazee wagawane kingo, sisi tunanyweshea upande wa machweo na wao upande wa mawio, na hakuna anayevuka. Ukoga wote unasukumwa kwetu, na sisi tumebaki pale pale kwa sababu ndipo petu. Ingekuwa ni dawa ya kupe, wangetangulia kufa ng'ombe wake mwenyewe, maana mtungi aliusuuza upande wake.

Kuna jingine, na najua litakuudhi. Viumbe hawa nao wanataka chakula. Ulipohamishia zizi ukingoni kwa kuogopa wezi wa mifugo, sikukulaumu, na leo sikulaumu. Lakini samadi ya zizi zima imekuwa ikiteremka majini, nayo ndiyo iliyowanenepesha. Hayo nayaandika kwa uzito, kwa kuwa najua unavyowapenda wale ng'ombe.

Nilimtuma Ogle anichotee pia maji ya upande wa Yarrow. Akaenda kwa kunyata kama mwizi wa kuku, na mwili wake ule! Yarrow akamkuta ameinama. Ogle aliogopa kupigwa, akasema kila kitu. Anasema shemeji yetu aliichukua chupa, akachota, akanywa yeye kwanza, akaijaza tena akamkabidhi. Akamwagiza akuambie uwalete ng'ombe waliobaki wanywe kwake mpaka mvua inyeshe. Ogle anakiri hakuufikisha ujumbe huo kwa kuogopa hasira zako. Maji ya chupa ile nimeyapima. Ukoga haumo.

Karatasi unayoitaka sitaileta. Naogopa, kaka, sijawahi kukupinga hata kwa jambo dogo, wewe ndiye uliyenilea Baba alipokufa. Lakini nimeomba ruhusa kazini na Alhamisi nitakuwa Sangailu. Nikikuta ng'ombe wetu wananywa upande wa mawio, nitanyamaza, na wazee hawatakuwa na la kuuliza. Nikikuta bado unataka kuapa, Ijumaa usinitafute nyuma yako. Nitakuwa nimeketi karibu na Yarrow, na nitasema mbele ya watu wote haya niliyokuandikia wewe peke yako.

Leo hii wanyama watolewe ukingoni, nakusihi, na watoto wasiyaguse yale maji hata kwa kuoga.

Nisalimie Mama, umwambie namletea halua. Safiyo na wanao nawasalimu kila mmoja kwa jina lake. Jawahir usimwambie lolote la barua hii, mpe salamu tu, na ukimpa, mtazame usoni.

Ni mimi mdogo wako,
Abdimalik