Mtutu Nilioacha na Maji

Mpendwa Baba Mkami,

Nakuandikia kwa mwandiko uleule uliokuwa unaucheka, wa kisomo cha watu wazima, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Ulikuwaga unasema nikishajua kuandika nitakuletea barua hata ukiwa umekaa sebuleni. Sikukuandikia hata moja. Hii ndiyo ya kwanza, na huko uliko hakuna wa kukusomea. Lakini nataka maneno haya yawepo, watoto wetu wayasome, na kila mtu wa Nyamuswa anayelijua jina lako ayasome.

Unakumbuka siku ulipolileta lile gobore kutoka kwa mjomba wako Butiama? Ulikuwa umelifunga kwenye gunia la pamba. Kijiji chetu kilikuwa bado kipya, tumehamia juzi tu, nyumba zimepangwa mistari na udongo wa kuta haujakauka. Shamba la pamoja la mahindi na mihogo lilikuwa kule chini karibu na korongo, na nguruwe pori walikuwa wanalifukua kila kukicha. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza mkutanoni nani ana silaha na kibali. Ukanyoosha mkono. Nilipofungua gunia nyumbani nikaona chuma chekundu kwa kutu, nikakwambia, "Baba Mkami, hii si bunduki, ni bomba la maji."

Ukasema, "Bomba likitunzwa linapiga. Chemsha maji."

Siku nne tulizimaliza kwenye mtutu ule. Nilichemsha maji yenye majivu, wewe ukauweka mdomo juu, nikamimina kwa kibuyu, yakatokea kwenye kitundu cha chini yakiwa meusi kama uji wa ulezi uliochomwa. Tukamimina tena na tena. Ule mdeki, fimbo ya kushindilia, ukauzungushia waya mwembamba, ukausugua ndani hadi mabega yakakuuma, nikakupokea. Kisha majivu laini na mafuta ya kondoo. Kisha kitambaa kikavu, kingine, kingine, mpaka kikatoka cheupe. Siku ya nne uliuelekeza mtutu juani, ukachungulia, ukaniita nichungulie na mimi. Nikaona duara la mwanga limenyooka mpaka mwisho, linang'aa pande zote. Sijawahi kukwambia, lakini nilikuona mzuri sana asubuhi ile, na masizi yako puani.

Ukanifundisha sababu ya kila kitu. Maji yawe ya moto sana, kwa maana chuma kikipata moto chenyewe kinasaidia kukausha. Kitambaa kikavu kipite hadi chini kabisa, pale baruti inapokaa, kwa sababu tone moja likibaki pale baruti inashika unyevu. Mafuta yapakwe kidogo, si mengi. Na gobore lisimamishwe mdomo chini, ili kilichobaki kichuruzike. "Watu wanafikiri shabaha iko kwenye jicho," ulisema. "Nusu yake iko humu ndani."

Halafu tukalijaribu. Ulichora duara la chokaa kwenye kichuguu kile cha nyuma ya kisima, ukaliegemeza gobore juu ya gunia la mchanga. Kipimo cha baruti kilikuwa ganda la risasi kuukuu. Kipimo kimoja, risasi ikaangukia chini ya duara. Kimoja na nusu, ikapanda. Viwili, ikayumba kushoto, na bega lako likavimba. Ukarudi kwenye kimoja na nusu. Bado risasi zilikuwa zinatawanyika, ndipo ukaniomba kipande cha khanga yangu iliyochakaa. Tukakata viduara, tukavichovya kwenye mafuta, risasi ikashuka mtutuni imevikwa kitambaa, imebana vizuri. Tatu zilizofuata zikaingia mahali ambapo ningeweza kuzifunika kwa kiganja. Ulipiga kelele hadi Magesa akaja mbio kutoka kwake akidhani kuna nyoka.

Magesa, jirani yetu, mwenye mbwa wawili na mdomo usiopumzika. Kuanzia siku hiyo yeye na mbwa wake wakawa wanamfukuza nguruwe atoke kichakani, na wewe unangoja njiani. Miaka mitatu hukupoteza risasi ovyo. Nyama iligawanywa, mahindi yakavunwa, na ukaitwa fundi. Kusafisha ukaniachia mimi. Ulisema mkono wangu una subira kuliko wako, nami nilijivunia. Kabla ya kwenda ulikuwa unauliza tu, "Umekausha?" Najibu, "Nimekausha." Basi, unashindilia.

Sasa nifike pale ambapo sikuwahi kufika ukiwa hai.

Ilikuwa msimu wa kuchuma pamba. Mama yangu alikuwa anaumwa kule Guta nami nilitaka kwenda kumuuguza. Ukasema ningoje zamu yetu ya shamba la pamoja iishe, mwenyekiti asije akatusema. Niliona umemweka mwenyekiti mbele ya mama yangu. Jioni ulirudi kutoka kuwatisha nguruwe, umepiga risasi moja hewani, ukaniwekea gobore mlangoni kama kawaida. Nilimimina maji ya moto kwa hasira. Kitambaa sikupitisha. Mafuta sikupaka. Nililiegemeza ukutani mdomo juu, nikasema moyoni, kesho atajikaushia mwenyewe.

Kulipokucha Magesa akaja mbio. Dume la nguruwe liko kwenye mihogo, jua limeshatoka, na kina mama wako shambani. Ukachukua baruti. Kwa kawaida ulikuwa unalipua kwanza fataki moja tupu, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti, kuhakikisha njia ya moto iko wazi, lakini dukani fataki zilikuwa hazionekani na wewe ulikuwa umebakiwa na mbili. Ukanitazama.

"Mama Mkami, umekausha?"

Nilikuwa na hasira bado. Nikasema, "Nimekausha."

Nilikuwa naifuata njia ya shambani nikiwa na kapu wakati yalipotokea. Nilisikia fataki, tap. Kisha kimya, kirefu kuliko inavyotakiwa. Kisha gobore likakohoa, halikulia. Kumbe risasi ilimpata nguruwe mguuni badala ya bega. Akageuka, akampitia Magesa aliyekuwa mbele yako, akampasua paja kwa pembe zake za mdomoni. Uliifyatua fataki ya pili kwenye mtutu mtupu, kumtisha tu, ukamwendea nguruwe kwa shoka. Tulimbeba Magesa kwenye machela ya magunia hadi barabarani, gari la pamba likampeleka hospitali. Alirudi baada ya miezi miwili na mguu usiokunjika.

Jioni ile ulikaa mlangoni, damu ya jirani yako kwenye shati. Ukauliza tena, taratibu, wala si kwa kunishtaki.

"Mama Mkami, mtutu ulikuwa umekauka?"

Mlango ulikuwa wazi kwangu, Baba Mkami. Ungekasirika, pengine ungenirudisha Guta. Lakini nilimfikiria mke wa Magesa, nikafikiria kijiji kizima.

"Ulikuwa umekauka," nikasema. "Labda ulitetemeka."

Labda ulitetemeka. Maneno hayo niliyatoa mimi, kwa kinywa changu. Mtutu ulikuwa umeshajaa masizi ya ule mlio, hakuna jicho ambalo lingeweza kuona kilichokuwemo kabla. Uliniamini. Ukatikisa kichwa, ukasema, "Basi jicho langu limeanza kuniacha."

Kwenye mkutano ulisema hivyohivyo mbele ya watu. Hukutaja baruti, hukutaja fataki zilizoadimika, hukunitaja mimi. Ukaomba gobore apewe Masatu, mdogo wake Magesa, kibali kishughulikiwe. Kisha ukasema utamfundisha.

Ulimfundisha hapo hapo uwanjani kwetu. Mimi ndiye niliyechemsha maji. Ulimwonyesha kumimina, kupitisha kitambaa kikavu hadi chini kabisa, kupaka mafuta kidogo, kulisimamisha mdomo chini. "Hapa usifanye haraka," ulimwambia. "Mama Mkami ndiye mwalimu wa hapa. Ukikwama muulize." Nilishika birika kwa mikono miwili ili lisinitoke.

Kesho yake mlikwenda kichuguuni. Masatu, ambaye hakuwahi kushika bunduki, akaweka kipimo kimoja na nusu, akashindilia risasi kwenye kitambaa cha khanga yangu, akapiga. Katikati. Akapiga tena. Katikati. Watu wakashangilia. Na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mnaona? Bunduki haina tatizo." Wote wakakutazama wewe. Ulicheka pamoja nao, ukampiga Masatu begani. Mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwako na ukweli wote ninao, nikarudi nyumbani kukoroga ugali.

Tangu hapo hukugusa silaha. Ukaanza kumlimia Magesa. Misimu sita, kabla hujagusa shamba lako, unaanza na la Magesa. Mwanzoni yeye alikuwa anakaa kivulini bila kukusemesha. Nilikuwa nakuletea chakula huko, nikikuona umeinama, nikijiambia nitasema baada ya palizi. Baada ya mavuno. Mkami akishaolewa.

Halafu kifua. Kule Musoma hospitalini, siku ile dirisha lilikuwa wazi na upepo wa ziwa unaingia, uliniambia Masatu ni mpigaji mzuri, amewamaliza nguruwe. "Mimi macho yaliniacha mapema," ukasema, "wakati wazee wangu waliona hadi uzeeni. Sijui nilikosea wapi." Ulikuwa unaniuliza kweli. Hapakuwa na mtu mwingine pale isipokuwa mgonjwa aliyelala. Nikakuvutia blanketi hadi shingoni, nikasema, "Pumzika, usiongee sana." Siku mbili baadaye ukaondoka.

Wiki moja baada ya kukuzika nilikwenda kwa Magesa. Nilimkuta anapukuchua mahindi, mguu wake umenyooka mbele yake. Nikamwambia yote, tangu Guta hadi blanketi. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Shemeji," akasema, "kila alipomaliza kunilimia alikuwa ananiomba radhi. Kila mara. Na mimi nilikuwa nanyamaza, nimwache aombe, moyo wangu upoe. Mwaka wa jana ndiyo nikamwambia nimemsamehe. Alilia. Sasa nilimsamehe nini?"

Nikamwambia anipige kama anataka. Akasema, "Sina haja ya kukupiga. Mimi mguu wangu umenizoea. Lakini ile siku walimcheka mbele za watu. Kaseme mbele za watu."

Siku ya kuondoa matanga nilisimama. Mkami alinivuta nguo akidhani nimezidiwa na uchungu. Nikasema hukutetemeka, jicho lako lilikuwa zima, mtutu niliuacha na maji na nikakudanganya mara mbili. Masatu aliinamisha kichwa. Yule mzee wa kichuguuni alivua kofia yake akaishika mapajani. Kina mama wengine hawajanisalimia tangu siku ile, na sidai. Mkami alitoka nje, alirudi watu wameshaondoka, akakaa mbali na mimi. Mpaka leo ananiita "mama" lakini kama anayemwita mke wa mtu mwingine. Namwachia. Ni baba yake niliyemwibia.

Magesa ameomba shamba lako lilimwe kwanza msimu huu, na Masatu na vijana wake wamekwisha kulianza. Nimewapelekea uji. Hawakukataa.

Watu wanasema nimefanya vizuri kusema. Sioni uzuri wake. Kijiji kizima sasa kinajua kwamba wewe, Wambura, ulikuwa na jicho zuri hadi mwisho, na wewe peke yako ndiye uliyeondoka bila kujua.

Nikuache upumzike, mume wangu. Sikuombi unisamehe, ulikwishanyenyekea vya kutosha kwa kosa langu.

Ni mimi mkeo,
Mama Mkami