Mistari Miwili ya Sajini

Jumatatu, 4 Agosti 1958
Sindano imechemka, imepoa. Nimemdunga Sajini, paka wa Memsabu, dawa yake ya sukari nyuma ya shingo, mistari miwili. Hakuamka hata vizuri. Memsabu haoni tena mistari ya sindano, kwa hivyo kumdunga ni kazi yangu mpaka shule ifunguliwe. Mama, mpishi wake, hataki hata kuangalia.

Mkojo wake naukinga kwenye karai la changarawe. Matone manane ndani ya dawa ya buluu, nachemsha. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Leo kijani, sukari kidogo. Mwezi uliopita ilikuwa nyekundu kama tofali.

Baba alirudi kutoka karakana ya reli akacheka. "Paka anadungwa kila siku. Mimi mgongo unaniuma miaka kumi, nani amenidunga?"

Jumatano, 6 Agosti
Memsabu amepanda treni kwenda Nairobi, anapasuliwa jicho. Ameacha karatasi ukutani: mistari miwili kila asubuhi. Ameacha na chupa mpya ya dawa. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba ananiamini. Nikaangalia viatu vyangu. Hata asante ilinishinda. Najichukia nikiwa hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefungua chupa mpya. Mistari miwili, kama kawaida.

Saa nane mchana Sajini alitembea kama mlevi. Akaanguka karibu na jiko, miguu inatetemeka.

"Umemuua paka wa wenyewe," Mama akasema.

Nikampaka maji ya sukari kwenye ufizi kwa kidole. Tena. Tena. Saa kumi akainua kichwa. Akala ini. Nikaenda nyuma ya stoo nikalia.

Halafu nikaziweka chupa mbili pamoja. Ya zamani imeandikwa 40. Mpya, 80. Dawa ileile, nguvu mara mbili; sukari ilimwishia mwilini. Nilisoma jina tu, namba sikusoma. Kosa ni langu.

Ijumaa, 8 Agosti
Buluu kabisa. Sikudunga. Mama amekasirika sana. "Karatasi inasema kila asubuhi. Hiyo ni kazi yangu unachezea."

Nikamwambia dawa ni kali mara mbili.

"Nani amekwambia?"

Chupa, nikasema. Nikamwonyesha namba. Mama hasomi, lakini aliziangalia sana.

Jumamosi, 9 Agosti
Njano. Sukari imerudi. Nimedunga mstari mmoja. Nikakaa naye sakafuni kutwa nzima, maji ya sukari kando. Nikikosea leo, Mama hana kazi na Sajini hayupo.

Hakuanguka.

Jumatatu, 11 Agosti
Kijani!

Daktari wa mifugo alipita akitoka kuona ng'ombe Elburgon. Akasoma karatasi, akaangalia sindano niliyokwisha kuvuta. Mstari mmoja.

"Nani nabadilisha dawa?" Kiswahili chake ni cha wazungu wa mashambani.

Mama akainamia sufuria. Ni mimi, nikasema. Nikamweleza yote kwa Kiingereza. 40, 80, kuanguka, sukari, hata kwamba Alhamisi sikusoma namba. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mzima.

Hakunisifu. Alitoa kalamu, akakata "mistari miwili", akaandika "mstari mmoja". Akaniuliza jina langu, akaliandika chini yake.

Najivunia. Basi. Nimeandika hapa kwa sababu mdomoni neno hilo haliwezi kutoka.

Jumamosi, 16 Agosti
Memsabu amerudi, jicho moja lina bandeji. Nilimwambia yote mwenyewe kabla hajasomewa karatasi. Akaniuliza kama Sajini amekula. Amekula.

Asubuhi Mama ndiye aliyemshika Sajini, macho amefumba. Mstari mmoja.

Jioni nilikuwa naanua nguo. Nikamsikia Baba uani na jirani. Alisema binti yake anatibu ugonjwa wa sukari.

Ya paka hakutaja. Nami sikutoka kumsahihisha.