Mume Wangu Anageukageuka Kwenye Baiskeli

Bi Yang mpendwa, nisaidie kabla sijawa mjane,

Mimi na mume wangu, Baba Boram, tangu astaafu tunaendesha baiskeli kila siku kwenye barabara ya ufukweni hapa kisiwani Jeju, yeye mbele mimi nyuma, tukifika kwenye mnara wa taa tunakula wali wetu wa kuviringishwa kwa mwani halafu tunarudi, na raha hii sikuipata hata siku za uchumba, ila tangu sikio lake la kushoto lizibe, na kushoto ndiko magari yanakopita, mwenzangu ameanza kugeukageuka kutazama nyuma, na akigeuka baiskeli nayo inaingia barabarani, na msimu huu wa likizo barabara imejaa magari ya kukodi, madereva macho yako baharini. Nikipiga kelele, "Baba Boram, kaa kulia!" hasikii, au anajifanya, sijui.

Juzi nilikuwa nimeanika mwani wangu kwenye njia ya baiskeli, kama tunavyoanika wote kijijini, akatoka nje ya njia kuukwepa, akageuka tena, gari la wageni nusura limkumbe, Bi Yang, mpaka kofia yake ya kitambaa ikaruka! Nikamfokea mbele ya wale wageni, "We mzee, unataka kufa? Kiziwi mkubwa!" Nyumbani nikaifungia baiskeli yake stoo, na tangu hapo hasemi, anadonoa chakula, anakaa barazani ameipa bahari mgongo. Nampenda na ninamwogopea. Nimrudishie au niiuze?

Mama Boram

Mama Boram,

Pole sana, mama. Gari likimpitia mwenzio karibu hivyo, hata mimi ningefoka. Sasa kaa nikuseme. Mwani kaanike uani kwako! Wewe ndiye uliyemsukuma mzee wa watu kwenye magari, halafu adhabu akapewa yeye. Na usiniambie kila mtu anaanika hapo. Waambie na majirani zako wautoe. Tena kofia ya kitambaa, na mke upo unatazama? Nunueni helmeti, wewe na yeye.

Lakini kuna jambo limekupita. Huyo mtu alizoea kusikia mnyororo wako na umbea wako nyuma yake njia nzima. Siku hizi kwake kuko kimya. Unadhani anageuka kutazama nini, magari? Anakutafuta wewe, mama. Anahakikisha bado upo, na wewe ukamwita kiziwi mbele ya watu.

Usiuze kitu. Leo hii mfungulie stoo, kaa upande wake wa kulia akusikie vizuri, umwombe radhi kwa maneno, si kwa kumwongezea supu. Mpeleke kwa daktari wa masikio, huenda ni nta tu. Tokeni asubuhi mapema, wageni wakiwa bado wamelala, na penye magari mengi shukeni mkokote, hakuna anayewakimbiza. Wewe vaa kizibao cha rangi kali. Kisha fundi amfungie kioo kidogo kwenye usukani, upande wa kushoto.

Najua atabisha, atasema vioo ni vya wazee. Usimtajie magari hata kidogo. Mwambie, "Ni cha kunionea mimi."

Bi Yang