Bonyeza pa Kujaribu

Jumatatu, 4 Machi 2024
Laptop imefufuka! Windows ilishakufa, nilikuwa nimeitupa juu ya kabati. Ditram fundi kaniletea flash ina kitu kinaitwa Linux. Ya bure, haina mwenyewe, kasema. Bonyeza pa kujaribu, flash usichomoe, ukiipenda nikirudi Mikumi nakuwekea kabisa. Akapanda zake basi la Morogoro. Haya, nimebonyeza. Mbona kila kitu kimehama? Nimetafuta pa kuandikia nusura nilie. Nimefunika tu. Kuzima sithubutu — ikigoma kuwaka?

Jumatano, 6 Machi
Jamani, naanza kuipenda. Nimepata pa kurekodi sauti! Simu yangu kitochi haina mambo hayo. Nikamwita Baba aseme chochote. Kauliza, inasikia Kividunda chetu? Nikamwambia inasikia hata matusi. Akaisogelea, akaanza kuongea na dada Joyce kana kwamba yumo humo ndani. Baba huyu huyu! Tangu ng'ombe wa wakwe za dada walipokula mahindi yetu, jina la dada halitajwi humu ndani. Leo kamwambia arudi nyumbani. Na Koinet mumewe aje. Ng'ombe wabaki huko huko Kilosa. Nimecheka huku machozi yananitoka. Nikaseva. Kasema nisimwambie dada, Jumapili atampigia mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Baba kaanguka. Kiharusi. Mdomo umekwenda upande, anatoa sauti tu, maneno hakuna. Nimempigia dada Joyce nikiwa hospitali. Kasema aje kufanya nini kwa mtu asiyetaka kumwona? Nikamwambia kakusamehe, ninayo sauti yake nyumbani kwenye laptop! Kasema, Grace, usinitungie hadithi. Kakata.

Jumapili, 10 Machi
Nimerudi kuchukua nguo za Baba. Umeme hakuna tangu jana, mvua imeangusha nguzo. Laptop inalalamika betri. Nikampigia Ditram, niizime nikatafute pa kuchaji? Kapiga ukelele — usizime! Hiyo bado ya kujaribu, ikizima haibakizi kitu. Na nilichoseva? Hakibaki. Kwenye flash? Haipokei.

Mungu wangu! Fundi gani huyu hasemi mapema? Alisema kujaribu. Mimi nikasikia nilichotaka.

Betri asilimia sita. Dada hapokei. Tena. Hapokei. Dada, pokea, nakuomba! Naandika humu daftarini simu ikiwa begani, nikikaa bure nitapiga mayowe.

Kapokea! Hata salamu hakuna, kauliza, Baba amekufa? Nikamwambia nyamaza usikilize. Nimebonyeza. Kitochi nimekibana kwenye spika.

Anakohoa. Kumbe alianza kwa kukohoa, nilishasahau. Asilimia tatu. Bado anakohoa, anasafisha koo taratibu kama mtu mwenye siku nzima — Baba, ongea! Ongea basi, Baba!