Kuiondoa Nadhiri

Esnah, mwaka huu wa 2025, katika mvua hizi ndefu, nimeaibika mbele ya akina mama wote wa kanisa.

Fancy, mke wa mjukuu wangu, alisoma: "Ukimwekea Mungu nadhiri, usikawie kuiondoa." Akafafanua eti tuifute haraka. Kuifuta!

Nikasimama. "Kuondoa nadhiri ni kuitimiza, binti. Jifunze Kiswahili!"

Akaniuliza kwa upole, kama mjukuu amwulizaye bibi yake, "Na ile mtamba uliahidi kanisa ukitembea tena, Kogo?"

Ile mtamba! Esnah, sikuweza hata kumsahihisha ngeli. Miaka miwili tangu miguu yangu ipone! Mtamba amekwisha kuzaa, nami ninamkama kila asubuhi.

Nimemfikisha kwa mchungaji sasa hivi, pamoja na ndama wake.