Mstari wa Kumi na Saba

Barua ya 58
4 Februari

Kwa Chiriku, mwanangu,

Salamu zangu na za mama yako zikukute mzima, mikono haijaungua pasi na kifua hakijashikwa na baridi ya huko. Huku tu wazima, ila jicho la kushoto la mama yako limeshafunga kabisa. Daktari anasema ni presha ya macho, na kwamba la kulia nalo linafuata, pengine kabla mwaka haujaisha. Matone yanachelewesha tu, hayaponyi. Yeye mwenyewe halalamiki. Anauliza jambo moja kila siku: utakuja lini akuone.

Kwa hiyo habari kwamba ubalozi umekunyima pasipoti mpya imenikata maini. Eti kumbukumbu yako ya kuzaliwa haipo kwenye mfumo. Mimi niliyekalia kiti cha msajili wa vizazi na vifo miaka thelathini na minane, mtoto wangu wa pekee hana kumbukumbu!

Nilisema tangu siku walipotangaza kufunga ofisi zote za wilaya na kuyasomba madaftari yetu mpaka kwenye lile jengo la vioo mji mkuu. Waziri akasimama akasema huduma inasogezwa karibu na wananchi. Karibu gani, saa saba za basi? Ofisi yetu ilikuwa na meza mbili, kabati na muhuri, na mtu aliyekuja asubuhi alikula chakula cha mchana kwake, cheti kiko mfukoni. Kitu kinachofanya kazi unakipaka rangi, unakiacha kifanye kazi. Hawa wanavunja kwanza, halafu wanaunda tume ya kuuliza kwa nini kimevunjika.

Jumatatu nakwenda mwenyewe. Cheti chako cha zamani kina namba ya daftari na ya ukurasa. Watanieleza vizuri.

Baba yako


27 Februari

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama, maana najua unasomewa barua hii kwa sauti, na Baba anaruka sehemu zinazomsema vibaya.

Mimi mzima. Hoteli imejaa, kwa hiyo tangu asubuhi napiga pasi shuka, na kufikia jioni hata nikifumba macho naona nyeupe tu. Baba, usiende kugombana huko. Nawe ulikuwa serikali! Umemsahau yule mama muuza mkaa uliyemrudisha mara tatu kwa sababu hakuja na shahidi wa pili? Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa chini ya meza yako nachora, nikamwona anavyoondoka analia.

Lakini nenda. Miaka kumi na mmoja huku imetosha. Simu haitoshi. Mama huniambia nisogeze uso, nami nasogeza mpaka pua inagusa kioo, naye anasema bado, sogea. Nikilala naitembea nyumba yetu: mlango unaokwaruza sakafu, kiti chako chenye mguu uliofungwa waya, kanga ya Mama juu ya msumari. Nawataka mpaka nasikia njaa.

Binti yenu


Barua ya 59
21 Machi

Kwa Chiriku,

Tunakusalimu, tunashukuru kwa uzima. Mama yako ameniomba nisome tena ile sehemu ya muuza mkaa, na mara zote mbili amecheka.

Nimefika kwenye jengo. Mlangoni unapewa karatasi yenye namba, unakaa kutazama skrini mpaka shingo inakauka. Namba yangu ilipotokea, mtandao ukaanguka. Kesho yake ukaamka, nikaambiwa nijaze fomu ambayo iko kwenye mtandao tu. Nilipouliza nani aliyewajibu ubalozi, wakasema ni mfumo. Nikauliza huo mfumo ni mtoto wa nani, unaishi mtaa gani? Askari wa mlangoni akaniomba nipunguze sauti.

Kuhusu muuza mkaa, ni kweli, nilimwonea. Lakini alilijua jina langu. Alinisubiri sokoni akanisema mbele ya watu mpaka aibu ikanishika, na kesho yake nikampelekea cheti mwenyewe. Hiyo ndiyo serikali ninayoijua mimi, ndogo, karibu, na unaweza kuisuta usoni. Leo utamsuta nani? Skrini?

Wamekubali kunionyesha picha ya ukurasa wenyewe. Narudi wiki ijayo, na safari hii wataniomba radhi.

Baba yako


2 Mei

Shikamoo Baba, hamjambo? Sijapata barua. Walikuonyesha ukurasa?

Binti yenu


9 Juni

Baba, shikamoo.

Mama ameniambia kwenye simu kwamba kila asubuhi unakaa mezani, unaweka karatasi mbele yako, na mchana unairudisha kabatini ikiwa tupu. Anasema hata redio huigombezi tena. Sasa naogopa. Kama wamekataa kabisa, niambie. Nitalia, nitanyamaza, nitaamka niende kazini. Usiniache hivi.

Binti yako


Barua ya 60
30 Juni

Mwanangu,

Nakusalimu, na leo nashindwa hata kuuliza hali yako kama inavyopasa.

Ukurasa upo, na haukupotea hata siku moja. Mstari wa kumi na saba, kwa mwandiko wangu: jina lako, saa, uzito, jina la mama yako. Safu ya mwisho, ya sahihi ya msajili, iko wazi. Walipokuwa wanaingiza madaftari kwenye mfumo waliambiwa waache kila mstari usio na sahihi. Wakauacha.

Unaijua kanuni yangu, kwamba msajili hamtilii sahihi mtu wa damu yake. Wewe ulipozaliwa, mwenzangu Bwana Wino alikuwa likizo. Nikaandika kila kitu, nikamwachia ile nafasi. Aliporudi alidhani nimeshamaliza, nami nikadhani ametia. Cheti ulichosafiria nacho alikinakili yeye kutoka daftarini, na hakutazama safu ya mwisho. Nani angeishuku kazi yetu?

Karibu miezi miwili niliwatukana watu kwa kosa langu. Msichana wa dirisha la sita alinionyesha ule mstari, akanisogezea maji. Afadhali angenicheka. Nimeona aibu, Chiriku. Mama yako anasogeza kikombe kwa kupapasa, na kinachokuzuia wewe ni unyoofu wangu.

Nisamehe.

Baba yako


22 Julai

Shikamoo Baba,

Nilikasirika siku mbili. Nimeunguza foronya tatu. Siku ya tatu nikakuona umeshika kalamu, una binti mchanga nyumbani, kila kitu kinakuambia tia tu sahihi, na hukutia. Nikakupenda, nikakukasirikia tena, basi, yameisha.

Sasa amka. Kamtafute Bwana Wino kama bado yupo. Na wale wa jengo la vioo usiwaache wapumue! Wewe ulikosa mstari mmoja. Wao waliambiwa waruke watu, wakaruka, na hakuna aliyegonga mlango hata mmoja kuuliza.

Chiriku wako


3 Septemba

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote wawili, leo kwa moyo mweupe.

Bwana Wino yupo, anaishi kwa binti yake, kalamu bado iko mfuko wa shati na doa la wino liko palepale. Nilipomweleza akavaa viatu. Tukapanda basi pamoja, wazee wawili na chupa moja ya chai.

Tukaambiwa daftari la zamani limefungwa kisheria, haliguswi. Iliyobaki ni kukusajili upya, kama kizazi kilichochelewa kuandikishwa, na maombi ya hivyo yanasubiri miezi minane. Hapo yule msichana wa dirisha la sita akaniuliza jicho la mama yako, nililomtajia siku ile ya ukurasa, likoje. Nikamwambia. Akainuka kwenye kiti, akachukua karatasi zetu, akapanda ngazi kwa miguu yake, akarudi na sahihi ya mkubwa wake. Hicho tu ndicho nilichokuwa nadai muda wote, mtu wa kuinuka. Jengo wanaweza kubaki nalo.

Bwana Wino alitia sahihi ya shahidi. Mimi nikatia ya mzazi, mara yangu ya kwanza kusaini kwa ajili yako. Msichana akanipa mkono, akasema hongera kwa kupata mtoto. Tulicheka, halafu nikalia pale pale mbele ya foleni. Cheti kimeshatumwa ubalozini. Nenda wiki hii.

Barua hii sijaipa namba kwa sababu sitaki jibu lake, nakutaka wewe.

Nikufiche nini? Mama yako sasa anaona mwanga wa dirisha na umbo la mtu akipita mbele yake. Nikisimama kimya karibu anajua kuna mtu, na mara nyingine anajua ni mimi. Kwa hiyo anakutumia ombi. Ukifika usipige hodi. Pita dirishani, simama kwenye mwanga, na usiseme kitu. Jizuie, Chiriku, mara hii moja. Anataka akutambue mwenyewe kabla hujafungua mdomo.

Baba yako